Mwendokasi Mwanza? Tuanze na hesabu ya tajiri

Kaka, umeuliza kama Mwanza nayo ijengewe mwendokasi, yale mabasi yenye barabara yake, kama Dar. Barabara maalumu isubiri kwanza. Sasa hivi ukibadilisha daladala unalipa nauli upya, kwa sababu kila dereva anatafuta hesabu ya tajiri wake, yaani fedha anayompelekea mwenye gari kila siku. Ndiyo maana gari haling'oki mpaka lijae.

Na stendi zetu za mabasi ya mikoani, kila moja upande wake! Nyegezi iko barabara ya Shinyanga, Nyamhongolo iko ya Musoma. Mtu wa Sengerema siku hizi anapita darajani Kigongo–Busisi, foleni ya kivuko kwisha, halafu akifika mjini konda anamwambia begi lilipiwe siti. Wenye daladala waungane, walipwe kwa kilomita, abiria akate tiketi moja. Bajaji zibaki kuleta abiria vituoni.