Kabla hujanunua fleti mpya kwenye mtaa wa kale

Watu wanaonitaka ushauri kuhusu yale majengo madogo mapya yanayochomoza kwenye mitaa ya kale katikati ya mji huanza na mandhari na bei. Mimi huwauliza: mtakuwa wangapi humo ndani?

Nimekaa kwenye jengo la fleti 8. Raha yake naijua: majirani unawajua kwa majina, na shughuli zako nyingi unazimaliza kwa miguu. Lakini lifti haijali kwamba nyinyi ni wachache. Matengenezo yake, pampu ya maji, bima, paa, vyote mnachangia, na bili ambayo wenye fleti 80 wangeilipa bila kushtuka, wanane inawakaba. Kwetu mwenye fleti ya chini aligoma kuchangia lifti kwa sababu haipandi. Kilichotuokoa ni kanuni za jengo, zilizosema bayana kwamba kila mmoja anachangia kwa ukubwa wa fleti yake, apande asipande. Kwa hiyo ziombe kanuni hizo kabla ya kutoa arubuni, uzisome mpaka kwenye vifungu vya kura. Kura zikihesabiwa kwa fleti, muuzaji aliyebaki na 3 kati ya 8 anaweza kukwamisha lolote linalohitaji theluthi mbili.

Maegesho ya gari: kama hayamo kwenye hati yako, huna. Basi.

Kukagua, nenda mvua ikishanyesha sawasawa. Simama pale ukuta mpya unapokutana na wa jirani wa zamani. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Ukizibwa kwa plasta ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea na kuanza kutafuta njia, pengine kwako. Dalili ni rangi inayobabuka na chumvi nyeupe inayobaki kidoleni kama unga. Kwetu chanzo kilikuwa mfereji wa maji kati ya mapaa mawili, umejaa majani, na kila upande ukisema si wake. Uliza mapema nani anausafisha.

Halafu kuna sura ya nje. Kwenye maeneo yanayohifadhiwa, rangi, madirisha, hata dishi la setilaiti mara nyingi huhitaji kibali. Ukitaka kiyoyozi, muuzaji akuonyeshe mashine ya nje itakaa wapi, na akuonyeshe kwenye mchoro ulioidhinishwa, si kwa kunyoosha kidole.