Vinywaji vya harusi ya kaskazi: juisi mbili, maji na barafu ya kutosha

Miaka hii harusi nyingi za Unguja na Pemba zinaangukia kwenye joto, na sababu yake ni kalenda. Ramadhani watu hawaozeshi, kwa hivyo wengi hukimbilia Shaaban, mwezi unaoitangulia. Ramadhani ya 2024 ilianza katikati ya Machi, ya 2025 mwanzoni mwa Machi, ya 2026 katikati ya Februari. Maana yake Shaaban zote hizo zimeingia ndani ya kaskazi, msimu wetu wa joto, wakati mchana unapita nyuzi 32 na usiku ukumbi umejaa wanawake mia tatu na mabuibui yao, mafeni yanazungusha hewa ile ile ya moto. Hapo mtu hatamani kitu kama anavyotamani kinywaji baridi. Na kinywaji ndicho kinachokumbukwa mwisho, pesa zikiwa zimeshaishia kwenye biriani, nguo na mapambo.

Kwetu kila shughuli ikiitishwa, kazi ya vinywaji huletewa mimi. Ushauri wangu kwa mwenye mfuko mdogo ni huu: tengeneza juisi mbili tu, moja ya ukwaju na moja ya tunda lililo kwenye msimu, weka na maji safi ya kunywa ya kutosha, halafu pesa iliyobaki ipeleke kwenye barafu. Meza yenye rangi sita za juisi inapendeza kwenye picha, lakini kila aina unayoiongeza ni ndoo nyengine, chujio jengine, mtu mwengine wa kusimamia, na mwisho wa usiku ni mabaki ya aina sita.

Nianze na soda, maana ndiyo anayoikimbilia kila mtu kwa kuwa haina kazi. Kreti moja ina chupa 24. Watu 300 wakinywa chupa moja moja unahitaji kreti 13, wakinywa mbili mbili ni 25, na zote zinataka kupozwa na chupa tupu zinataka kurejeshwa. Baada ya shughuli inama utazame chini ya viti. Utakuta chupa zilizonywewa nusu zikaachwa, za watoto hasa, na kila nusu hiyo umeilipia. Tena gesi inajaza tumbo kabla sahani ya biriani haijafika. Sikatai kuwa na kreti tatu nne kwa wasioweza kuishi bila soda, lakini zisiwe ndiyo tegemeo.

Ukwaju nauweka mbele kwa sababu tatu. Haungoji msimu, kwa kuwa ukikaushwa unakaa miezi. Haugharimu sana. Na unakwenda na chakula chetu. Biriani na pilau vina samli, nyama na viungo vizito, na ukali wa ukwaju unausafisha mdomo, mtu anarudi kwenye sahani kwa hamu. Juisi tamu tupu juu ya biriani inachosha baada ya matonge machache. Pemba na hata Unguja, likiwapo tunda la bungo, linafanya kazi hiyo hiyo kwa uzuri zaidi. Juisi yake ina rangi ya chungwa iliyokolea, kali na yenye harufu, na wageni kutoka nje huiulizia jina.

Wapo watakaokwambia ukwaju ni wa kufuturia, si wa harusini. Shangazi yangu mmoja aliniambia waziwazi, "Mwanangu, watu watasema tumefilisika." Nikamwambia, "Shangazi, niachie ukwaju, na soda za kutosha ziwepo, tuone watu watataka nini." Shughuli ilipokwisha madumu ya ukwaju yalikuwa matupu na kreti nyingi za soda zilirudi dukani hazikufunguliwa. Heshima ya kinywaji iko kwenye baridi yake, usafi wa gilasi na namna kinavyoletwa mbele ya mgeni.

Sasa hesabu. Gilasi ya kawaida ni mililita 200, kwa hivyo lita moja ni gilasi tano. Watu 300 kwa gilasi mbili ni gilasi 600, yaani lita 120. Ongeza lita 20 za tahadhari, kwani kwetu kadi ni ya mtu mmoja na wanaokuja ni watatu. Mimi hugawa hivi: ukwaju lita 80, embe lita 60.

Kilo moja ya ukwaju hutoa juisi lita 6 hadi 8, kwa hivyo kwa lita 80 nunua kilo 13. Ukiwa soko la Darajani au la Mwanakwerekwe usinunue kwa macho, ushike. Mzuri ni laini, unabonyea, rangi yake ni kahawia yenye wekundu. Uliokaa sana unakuwa mweusi. Huo bado unafaa na ni mkali zaidi, lakini utakula sukari nyingi. Tazama pia mbegu na maganda, kwa sababu mbegu peke yake zinaweza kufika theluthi ya uzito, na huo ni uzito unaoulipia halafu unautupa. Ununue mapema, na sukari pia, kwa sababu kadiri mfungo unavyokaribia kila nyumba inataka vitu hivyo hivyo viwili na bei haziteremki.

Roweka ukwaju kwenye maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, uvuruge kwa mkono safi mpaka nyama yote iachie mbegu, uchuje kwa chujio kisha kwa kitambaa. Ufanyie kwenye ndoo ya plastiki ya chakula au sufuria la stenlesi. Usitumie masufuria yetu makubwa ya alumini ya kupikia pilau, hata kama ndiyo yaliyopo jikoni. Ukali wa ukwaju unaila alumini, na ukiulaza humo usiku mmoja asubuhi juisi ina ladha ya bati ambayo hakuna sukari itakayoificha.

Sukari usiitie kavu kwenye juisi baridi, itakaa chini. Pika shira kwanza, sukari na maji kidogo, na humo ndimo utie tangawizi iliyopondwa, kijiti cha mdalasini na hiliki. Karafuu tatu nne zinatosha kwa sufuria zima, zikizidi juisi inakuwa dawa. Mimi huanzia gramu 100 za sukari kwa lita, kisha naonja. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijali: onja ikiwa imeshapoa kabisa. Ulimi hauupati utamu wa kitu cha baridi kama unavyoupata wa kitu cha vuguvugu, kwa hivyo juisi iliyo sawa ikiwa imetoka jikoni itakuwa kali ukumbini. Chukua gilasi moja, itie kwenye friza mpaka iwe baridi kweli, ndiyo uamue.

Embe ni suala la msimu tu. Disemba hadi Februari yamejaa sokoni, na ndiyo yanayokutana na harusi zetu. Boribo halina nyuzi nyingi na linatoa juisi laini. Kilo moja ya maembe mazima hutoa kama lita mbili za juisi ikishaongezwa maji, kwa hivyo lita 60 ni kilo 30 hivi, na ukinunua jumla kwa tenga kuna tofauti kubwa na kununua kwa fungu. Yaliyoiva kupita kiasi kidogo ndiyo mazuri kwa juisi na ndiyo ya bei rahisi, mradi hayajaingia maji wala kuchacha. Kamulia ndimu. Embe bila ndimu ni zito, linakaa kooni, na mtu anamaliza gilasi yake bado ana kiu. Harusi yako ikiwa nje ya msimu wa embe, nenda na nanasi au pasheni, chochote kilichojaa sokoni wiki hiyo. Pasheni usiisage kwa nguvu kwenye blenda. Mbegu zikipasuka juisi inaingia uchungu na vijipande vyeusi. Izungushe kidogo tu kisha uchuje.

Ukwaju mzito unaweza kuutengeneza siku mbili kabla ukauweka kwenye friza, ukaongeza maji siku ya shughuli. Embe sivyo. Lisage siku yenyewe, au ugandishe nyama yake na kuisaga saa chache kabla. Niliwahi kualikwa harusi moja ambayo juisi ya embe ilitengenezwa asubuhi, ikawekwa kwenye pipa uani, na baada ya Magharibi ilikuwa ina povu na harufu ya chachu. Bi harusi hakujua lolote, lakini wageni walikuwa wanapeana ishara za macho, na mimi nilimuonea huruma mama yake. Kwa joto linalopita nyuzi 32, chochote chenye embe, parachichi au maziwa kisikae nje ya baridi zaidi ya saa moja. Na maji yote yawe yamechemshwa au ya chupa, hata ya kurowekea. Hili silipunguzi kwa mtu yeyote. Visiwani tumeshapitia kipindupindu mara nyingi, cha 2015 na 2016 wengi bado tunakikumbuka, na harusi ni mahali watu mia tatu wanakunywa kutoka pipa moja.

Barafu ndiyo watu wanayoikadiria vibaya kuliko chochote. Kwa ukumbi usio na viyoyozi wakati wa kaskazi, hesabu nusu kilo kwa kila mtu, yaani kilo 150 kwa watu 300. Inaonekana nyingi mpaka saa mbili usiku, ndipo unapoona ndoo zimekuwa maji. Igawe mafungu mawili. Iliyo nyingi ni ya kupozea, inakaa nje ya vyombo, kuzunguka madumu na chupa ndani ya madeli au mapipa, na hii hata ya wavuvi inafaa. Iliyo kidogo ni ya kutiwa kwenye gilasi, na hii lazima iwe ya maji yaliyochemshwa, na uigandishe mwenyewe au kwa mtu unayemjua usafi wake. Usiimwage barafu ndani ya pipa la juisi. Baada ya nusu saa unagawa maji yenye rangi.

Wala usiitegemee friza moja. Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na aliyekuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu bila umeme katikati ya kaskazi, hahitaji kuelezwa. Siku hizi kukatika ni kwa saa chache, lakini saa chache zinatosha kukuharibia. Gawa vifuko vya barafu kwa majirani wanne watano wiki moja kabla, kila mmoja ajaze friza yake, na siku ya shughuli mtoto apite kukusanya.

Kwa upande wa wanaume kwenye nikaha sina mengi. Halua na kahawa chungu vinatosha na vitaendelea kutosha. Ukiweza kuagiza halua ya Wete, kule Pemba, agiza. Kahawa usiitie sukari, halua yenyewe ni sukari, na dele la kahawa likae juu ya makaa muda wote ili lisipoe. Weka maji baridi pembeni, kwa sababu wazee wakishakunywa kahawa ndiyo wanaanza kuyatafuta.

Wako pia wageni wenye kisukari, na kila ukoo unao. Watengee dumu dogo la ukwaju usiotiwa sukari kabisa, wenye tangawizi na hiliki tu, ulitie alama na umwambie anayegawa ni la nani. Wengi wao wamezoea kukaa na gilasi ya maji huku wenzao wanakunywa, na wakiletewa kitu kilichotengenezwa kwa ajili yao wanakuombea dua palepale.

Kugawa nako kuna utaratibu wake. Mgeni akiingia apokewe na maji baridi kwanza. Aliyefika na kiu ya njiani ukimpa juisi ataimaliza gilasi mbili kwa pumzi moja, na hesabu yako yote inavunjika kabla bi harusi hajaingia. Juisi itoke chakula kinapopangwa. Isiwekwe mezani mapema ikaota joto. Chagua wasichana wanne, kila mmoja na jagi lake na safu zake, na gilasi zijazwe nusu, anayetaka zaidi aongezwe. Halafu pawe na mtu mzima mmoja anayekaa kwenye madumu, asiyeondoka kwenda kucheza wala kupiga picha, ambaye ndiye peke yake anayeamua dumu gani linafunguliwa sasa na lipi linasubiri.