Mswaki wa umeme si lazima uchajiwe bafuni

Niseme mapema: kama unaweza kuchajia mswaki wa umeme au mashine ya kunyolea chumbani, fanya hivyo, na nusu ya makala hii haitakuhusu. Mswaki wenye betri nzima ukijaa hukaa wiki moja, mara nyingi hata mbili. Mimi wangu unakaa bafuni, chaja yake iko chumbani, na sioni nilichopungukiwa.

Lakini kuna nyumba na hoteli ambazo tayari zina kile kisanduku juu ya sinki, chenye matundu ya pini mbili, kimechorwa mashine ya kunyolea na kuandikwa 115 na 230. Wengi hudhani ni soketi ya kawaida iliyopunguzwa nguvu. Sivyo. Ndani yake mna transfoma, yaani koili mbili za waya zisizogusana ambazo hata hivyo hupitisha umeme, na hiyo transfoma ndiyo sababu yake ya kuwepo. Katika soketi ya kawaida, waya mmoja una umeme na mwingine umeunganishwa na ardhi huko umeme unakotokea. Ukigusa wenye umeme huku umesimama peku kwenye sakafu mbichi, mwili wako unakuwa njia ya umeme kurudi ardhini. Transfoma inakata uhusiano huo, kwa hiyo kugusa waya mmoja hakukamilishi njia. Usijidanganye lakini: ukishika nyaya zote mbili kwa pamoja, utapigwa shoti kama kawaida.

Transfoma hiyo ni ndogo, mara nyingi ya wati 20 hivi. Chaja ya mswaki hula wati moja au mbili tu, kwa hiyo inatosha sana. Mashine ya kukaushia nywele hula wati elfu na zaidi, kwa hiyo usiifikirie kabisa. Hata chaja za simu za siku hizi zinaweza kuizidi, ikapata moto na kujizima mpaka ipoe.

Kabla ya kuchomeka chochote, geuza kitako cha kuchajia usome maandishi yaliyo chini yake. Yamechapwa kwa herufi ndogo mno. Mimi huyapiga picha kwa simu kisha nayakuza. Ukiona 100-240V, chaja hiyo inakubali umeme wa nchi karibu zote. Ukiona 110-120V peke yake, usiichomeke kwenye volti 230, hata kama adapta imeingia vizuri. Adapta hubadilisha umbo la pini tu. Volti haiigusi.

Plagi zenyewe zina vituko vyake. Mswaki ulionunuliwa Uingereza huja na plagi ya pini mbili nene, zilizokaribiana kidogo kuliko zile za Ulaya bara. Tofauti ni kama milimita mbili tu, lakini inatosha kukukwamisha. Kuitumia kwenye soketi ya pini tatu kunahitaji adapta iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za kunyolea, na hiyo ina fyuzi ya ampea 1. Ukikuta mtu amebadilisha akaweka ya ampea 13 kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo, irudishe ile ndogo. Waya wa chaja ni mwembamba, nao ungeungua kabla fyuzi kubwa haijashtuka.

Sasa ile tabia ya kuchokonoa tundu la juu la soketi ya pini tatu kwa kalamu ili pini mbili ziingie. Nimeiona kwa watu wazima wenye akili zao. Lile tundu la juu ndilo linalofungua vizuizi vya matundu mawili ya chini, vilivyowekwa ili kitu kisichofaa kisiingie humo. Ukivilazimisha, pini za mviringo zinakaa kwa kulegea, zinagusa hapa na pale, na pale zinapogusa kidogo pakapata moto. Tena plagi hiyo haina fyuzi. Ukiichomoa uone plastiki imekuwa ya kahawia karibu na pini, basi ulikuwa unaelekea kubaya. Nunua adapta.

Umbali nao una maana. Kanuni za Uingereza sasa zinataka soketi ya kawaida iwe angalau mita 2.5 kutoka eneo la bafu au shawa, ilhali ile yenye transfoma inaruhusiwa kuwa karibu zaidi. Marekani wana njia nyingine: soketi ya kawaida kando ya sinki, yenye vitufe viwili, kimoja cha kujaribu na kingine cha kurudisha umeme. Inakata umeme yenyewe ukivuja kiasi cha milliampea 5 hivi. Kile cha kujaribu kibonyeze mara moja moja. Kisipokata umeme, mwite fundi. Waya wa kuongezea, wa kuvuta kutoka chumbani hadi bafuni, mimi siukubali kwa hali yoyote.

Mswaki wenyewe hauogopi maji, kwa kuwa huchajiwa kwa koili mbili zisizogusana. Plagi ndiyo inayoogopa. Ule ute mweupe wa dawa ya meno unaoganda kwenye kitako, usiukwangue kikiwa kwenye umeme: chomoa kwanza, futa kwa kitambaa chenye unyevu, kiache kikauke. Mashine ya kunyolea ikikataa kuwaka ikiwa imechomekwa, huenda haijaharibika. Nyingi za kunyolea kwenye maji zimetengenezwa hivyo makusudi.