Kuchagua programu za Linux: maswali kutoka Mafinga, Mwanjelwa, Tukuyu na Makambako

Kiolezo cha mitihani cha shule yetu kimeandikwa kwa fonti ya Calibri. Kwangu natumia Linux, na kwenye LibreOffice (programu ya kuandikia, kama Word) mtihani unakaa kurasa tano. Steshenari wakiufungua kwa Word unakuwa kurasa nne, na michoro imepanda juu ya maswali. Nirudi Windows? (Mwalimu, Mafinga)

Usirudi, Mwalimu. Tatizo hapa ni fonti, yaani muundo wa herufi. Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, hazimo kwenye Linux. LibreOffice ikiikosa Calibri huazima fonti nyingine, na kama herufi zake ni pana zaidi, kila mstari unakatikia mahali pengine. Tofauti ndogo ya mstari mmoja, ukifika ukurasa wa tatu, imeshahamisha swali zima.

Fungua meneja wa programu uone kama vifurushi vya fonti fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea vimo. Kama havimo, viweke. Carlito ilichorwa makusudi ili kila herufi iwe na upana uleule wa Calibri, na Caladea vivyo hivyo kwa Cambria. Zote ni za bure. Kwa Times New Roman, Liberation Serif inafanya kazi hiyohiyo.

Ila mtihani wa kwenda kuchapwa usiupeleke ukiwa docx (faili la Word) hata siku moja. Toa PDF, maana hubeba fonti zake ndani na itaonekana vilevile kwenye kompyuta yoyote. Na simama pale mpaka faili lifutwe kwenye kompyuta ya dukani. Nimeona mitihani ya majuma mawili yaliyopita bado imekaa wazi kwenye skrini, mwanafunzi yuko kwenye foleni anatoa kopi ya cheti.

Kompyuta ya dukani ni ya zamani, RAM ni GB 2. Nichague mazingira gani ya skrini (desktop) ya Linux: GNOME, KDE au Xfce? (Mwanjelwa, Mbeya)

Xfce. GNOME itakuchosha kabla mteja wa kwanza hajaondoka. Lakini jua kwamba kivinjari ndicho mlaji mkubwa: Firefox ikifunguliwa kurasa nyingi itamaliza RAM hata mazingira yakiwa mepesi namna gani. Ukipata hela, ongeza RAM ifike GB 4 kwanza. Kama prosesa ni ya biti 32, usipakue Debian 13 (aina mojawapo ya Linux) ya mwaka 2025, kwa sababu haina tena kisakinishi cha mashine hizo.

Kwaya yetu inarekodi kwa simu. Tukatie sauti kwa programu gani? (Tukuyu)

Audacity. Fanyeni kazi yote kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), MP3 iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa kila mkihifadhi upya kwa MP3 sauti inapungua ubora. Video mtakata kwa Kdenlive.

Ofisini tuna kompyuta sita za Linux Mint. Masasisho yanamaliza bando. (Makambako)

Wekeni apt-cacher-ng (programu inayotunza vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa) kwenye kompyuta moja, kisha zote sita, hiyo yenyewe ikiwemo, zielekezeni kwake. Kifurushi kitapakuliwa mara moja tu, zilizobaki zitakichukua humohumo ofisini bila kugusa bando. Na programu ikipatikana kwa njia mbili, chukueni ya hazina ya kawaida ya Mint kabla ya Flatpak (njia nyingine ya kusakinisha, ambapo programu huja na mahitaji yake). Flatpak ya kwanza huja na mzigo wa mamia ya MB za maktaba zake (faili za kuiendesha), na mzigo huo haupiti kwenye apt-cacher-ng, kwa hiyo kila kompyuta italazimika kuupakua peke yake.