Kumtafutia mama mwenye dimensia kituo cha kumtunza Nairobi

Pole sana dada. Umesema mama ana dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na anatoka usiku akiitafuta nyumba yao ya zamani, nawe unatafuta kituo cha kumtunza hapa Nairobi. Kama hali imebadilika ghafla, anza na hospitali: apimwe mkojo, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU. Maambukizi ya mkojo pekee yanaweza kumvuruga mzee akili kwa siku chache, na yanatibika. Beba dawa zote anazotumia. Piriton (dawa ya mzio) na diazepamu (dawa ya kutuliza) humzidishia mzee kuchanganyikiwa na kuanguka, na familia nyingi huzitumia ili alale.

Kituo kikague bila miadi, kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku, maana wagonjwa wengi huhangaika zaidi jua likizama. Uliza usiku hubaki wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, na ni nani amefunzwa kuhudumia dimensia. Asiyetulia wanamfanyaje? Wakijibu "tunamfunga" au "tunampa sindano", ondoka. Pata bei kwa maandishi, ikieleza kama nepi, dawa na daktari vimo. Hapo ndipo gharama hupanda baadaye.

Kwa sasa weka komeo juu kabisa ya mlango, lakini asifungiwe ndani peke yake, moto ukitokea hatatoka. Acha taa ya choo ikiwaka. Shonea namba yako ya simu kwenye nguo zake. Akitaka kwenda nyumbani usibishane, mwulize habari za nyumba hiyo huku mkitembea uani.