Nasoma Biblia kila siku, mbona hasira haziniishi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nimeokoka miaka tisa sasa, na kila alfajiri nasoma sura nne za Biblia. Juzi mwanangu wa miaka sita alimwaga maji juu ya Biblia yangu nikiwa nimeifungua mezani. Nilimfokea mpaka akajificha nyuma ya mlango. Nilipotulia nikajiuliza: nimefoka kwa ajili ya kitabu ambacho sikitii. Je, mimi nimeokoka kweli? Na nifanye nini ili Neno linibadilishe tabia?

JIBU: Dada mpendwa, Yesu asifiwe milele. Nianze na lile linalokutesa zaidi. Kuumia kwako si dalili kwamba Roho wa Mungu amekuacha. Moyo uliokufa haulii kwa sababu ya mtoto aliyejificha nyuma ya mlango. Musa mwenyewe anaitwa mpole kuliko wanadamu wote (Hesabu 12:3), na bado pale Meriba, mahali jangwani ambapo watu walimnung'unikia kwa kukosa maji, alisema yasiyofaa kwa midomo yake. Hilo halikumtoa katika watu wa Mungu, ingawa pia Mungu hakulichukulia kuwa dogo.

Sasa tuje kwenye kusoma kwako. Yakobo anasema msikiaji asiyetenda ni kama mtu anayejiangalia uso katika kioo, kisha huenda zake, mara akasahau jinsi alivyo (Yakobo 1:23-24). Kumbuka kwamba vioo vya siku zile kwa kawaida vilikuwa shaba iliyosuguliwa. Havikuonyesha sura waziwazi kama vyetu. Mtu alilazimika kukisogeza, akageuza uso, akakaa kidogo. Na katika mstari wa 25, neno la Kigiriki lililotafsiriwa “kuitazama” sheria kamilifu lina maana ya kuinama ili kuchungulia. Ni neno lilelile Yohana analolitumia kwa mwanafunzi aliyeinama kaburini akaviona vitambaa vya sanda (Yohana 20:5). Huwezi kuinama hivyo juu ya sura nne ukiwa unakimbizana na muda. Nadhani, dada yangu, umekuwa ukimaliza sura, lakini sura hizo hazijapata nafasi ya kukumaliza wewe.

Sikuambii uache kusoma sura nzima. Soma. Lakini humo chukua mstari mmoja tu, uende nao mpaka kwenye saa ile unayoanguka. Kila mtu ana saa yake: wengine ni wanapochelewa, wengine ni jioni wakiwa wamechoka, wengine ni wanapoharibiwa kitu. Wewe umeshaijua yako. Chukua Yakobo 1:19, “kila mtu na awe mwepesi wa kusikia, bali si mwepesi wa kusema, wala kukasirika”, halafu asubuhi useme mbele za Mungu kwa majina: leo mwanangu akiharibu kitu, nitanyamaza kwanza, nitamsikiliza, ndipo niseme. Omba na Zaburi 141:3, Mungu aweke mlinzi kinywani pako. Siku nyingine utashindwa. Usiku rudi kwenye mstari uleule, utubu, kesho uanze nao tena, hata kama ni mwezi mzima. Paulo alimwambia Timotheo ajizoeze kupata utauwa, yaani maisha ya kumcha Mungu (1 Timotheo 4:7), na neno lake pale ni la wanamichezo, watu wanaorudia jambo moja mpaka mwili ulizoee.

Kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kulipita. Umetubu kwa Mungu. Kwa mtoto je? Wakolosai 3:21 inakataza kuwachokoza watoto wasije wakakata tamaa. Tafsiri yetu inasema “akina baba”, lakini neno hilohilo la Kigiriki katika Waebrania 11:23 linamaanisha baba na mama wa Musa pamoja, kwa hiyo usijitoe humo. Na Bwana wetu alisema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende kwanza ukapatane naye (Mathayo 5:23-24). Hakuweka umri wa huyo ndugu. Wazazi wengi waliookoka wanaogopa kwamba kumwomba mtoto msamaha kunawavunjia heshima, na mimi naona hofu hiyo imewanyima watoto wengi nafasi ya kuona toba kwa macho yao.

Basi kabla ya sura nne za kesho, mwite. Keti chini ulingane naye. Usimweleze kwamba ulikuwa umechoka, wala usianze na habari ya maji. Mwambie, “Mwanangu, nilikufokea vibaya. Nimekosa. Nisamehe.” Kisha nyamaza, umwache ajibu.