Kuhusu Usalafi na madhehebu manne

Ndugu yangu wa Lindi, umesema Usalafi, yaani mwelekeo wa Kiislamu unaosisitiza kufuata vizazi vya kwanza vya Waislamu, ulizaliwa na fedha za mafuta ya Saudia na kwamba Masalafi wote hukataa madhehebu, yaani zile shule nne za sheria za Kiislamu: Hanafi, Maliki, Shafii na Hanbali. Fedha hizo zilieneza vitabu, sibishi, lakini mafuta yaligunduliwa mwaka 1938, ilhali Muhammad bin Abdul-Wahhab, mhubiri wa Uarabuni aliyeanzisha vuguvugu la Kisalafi la Saudia, alifariki mwaka 1792, naye katika fiqhi (sheria za Kiislamu) alikuwa Mhanbali. Aliyekosoa vikali ufuasi wa madhehebu ni Sheikh al-Albani (1914–1999), mwanazuoni wa hadithi na Msalafi mashuhuri, ambaye wanazuoni wa Saudia walimpinga aliposema kwamba si wajibu kwa mwanamke kufunika uso. Huku kwetu Mikindani, tulikozoea Ushafii, anayeacha kunuti (dua ya kusimama) katika swala ya alfajiri huitwa Msalafi papo hapo, wakati Mahanafi na Mahanbali nao hawaisomi kila siku.